Jina la Mchimba Makaa: Lahaja ya Mto Tyne na Lahaja ya Mvita

Anayefuatilia Ligi Kuu ya Uingereza amekwisha kulisikia neno Geordie, hata kama hajui limetoka wapi. Watangazaji hulitamka “Jodi”. Humwita hivyo shabiki wa Newcastle United, na humwita hivyo Alan Shearer, mzaliwa wa Gosforth katika mji huo huo, ambaye mpaka leo akichambua mechi runingani anaongea kama watu wa kwao. Ni lakabu ya watu wa kandokando ya Mto Tyne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, na ni jina la Kiingereza wanachokisema. Mtu ni Geordie, na maneno yake ni Geordie. Sisi tuna viambishi vya kutenga mambo hayo mawili, ndiyo maana tunasema Mmvita na Kimvita, Mwamu na Kiamu. Kiingereza hakina njia hiyo, kwa hiyo mtu na ulimi wake wamebaki na jina moja, na mwenye kuudharau ulimi amekwisha kumdharau mtu.

Nimeichagua lahaja hii niilinganishe na Kimvita kwa sababu zote mbili zilikosa nafasi moja, ile ya kuwa lugha ya shule, ya ofisi na ya kamusi. Walichokifanya wenyewe baada ya kuikosa ndicho kilichotofautiana. Watu wa Tyne waliipeleka lahaja yao kwenye jukwaa la kuchekesha. Watu wa Mombasa waliishikilia yao kwenye ushairi mzito. Naamini tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini lakabu Geordie inapendwa sana Uingereza na bado haichukuliwi kwa uzito unaostahili.

Geordie ni George kwa sauti ya kudekeza, kama tunavyofanya Athmani akawa Athu. Kuhusu George gani, maelezo ni mengi. Wenyeji wengi hupenda lile la mwaka 1745, wakati wafuasi wa Charles Edward Stuart walipoteremka kutoka Uskochi kuja kumng'oa Mfalme George wa Pili. Newcastle ilifunga malango yake na kusimama na mfalme, na inasemekana watu wake wakaitwa watu wa George kuanzia hapo. Ni hadithi nzuri kwa mji, lakini maandishi hayaiungi mkono. Ushahidi wa mapema unaotajwa sana ni wa 1823, nao unamhusu Billy Purvis, mchekeshaji aliyekuwa na banda lake la maonyesho huko Newcastle. Purvis alimtupia jina hilo mpinzani wake kwa kumdhihaki, akimwambia arudi kwenye sururu zake. Katika karne ile, kusema Geordie kulikuwa kusema mchimba makaa ya mawe. George lilikuwa jina lililojaa migodini, na jina lililozoeleka mno huishia kuwa jina la wote. Mimi nakubaliana na maelezo haya.

Lakini kuna George mmoja ambaye hawezi kupitwa, maana katika maisha yake lakabu hii inaonekana wazi uzito wake. George Stephenson alizaliwa 1781 Wylam, kwenye ukingo wa Tyne, akakulia migodini, na hakujua kusoma mpaka alipofika umri wa miaka 18 hivi. Mwaka 1815 alikuwa fundi wa mitambo katika mgodi wa Killingworth. Hewa ya migodi ile ilikuwa ikishika moto kwenye mwali wa taa za wachimbaji na kuua watu kwa makumi. Stephenson akatengeneza taa ambayo mwali wake haungeweza kuilipua hewa ya nje, akaingia nayo mwenyewe mahali ambapo gesi ilikuwa ikivuma kutoka kwenye mwamba. Wakati huo huo, huko London, mwanasayansi mashuhuri Humphry Davy alikuwa akitengeneza taa yake kwa kazi ile ile.

Wenye migodi walimpa Davy tuzo ya pauni 2,000. Stephenson alipewa gini 100. Davy na wenzake hawakukubali kwamba mtu asiyesoma angeweza kufikia jambo kama hilo bila kuiba wazo. Marafiki wa Stephenson wa kaskazini mashariki walikasirika, wakachanga pauni 1,000 wakampa wao, na wachimbaji wa upande ule wakaendelea kuitumia taa yake wakiiita taa ya Geordie. Ilipofika 1833 kamati ya Bunge ilitambua kwamba haki yake ilikuwa sawa na ya Davy. Sauti yake, lakini, ilikuwa imekwisha kumgharimu mahali pengine. Mwaka 1825 alisimama mbele ya kamati ya Bunge kutetea reli ya kutoka Liverpool hadi Manchester. Wanasheria wakambana, lafudhi yake ikadhihakiwa, na mswada ukaanguka. Ulipitishwa mwaka uliofuata, na reli akaijenga yeye.

Mtu huyu alimpeleka mwanawe Robert kwenye shule ya kulipia mjini Newcastle, naye Robert akatoka na Kiingereza ambacho hakuna mwanasheria wa London angekicheka. Baba alijua vizuri alichokuwa anakinunua. Sioni haya ndani ya uamuzi huo, naona hesabu ya mzazi. Wazazi wa Mombasa na Lamu wameifanya hesabu hiyo hiyo kila mtoto aliporudi kutoka shule na daftari lililopigwa mstari mwekundu juu ya “mato” kwa sababu mwalimu alitaka “macho”, juu ya “ndia” kwa sababu alitaka “njia”.

Lakabu za namna hii hupanuka kadiri mtu anavyokwenda mbali. London, kila mtu wa kaskazini mashariki ni Geordie. Ukifika kwenyewe, eneo linaanza kusinyaa. Sunderland iko chini ya kilomita 20 kutoka Newcastle, na watu wake zamani waliitwa Geordie pamoja na wengine bila ugomvi mkubwa. Leo ukimwita mtu wa Sunderland Geordie umemtukana. Yeye ni Mackem, jina linalohusishwa na viwanda vya meli vya Mto Wear na jinsi watu wa huko wanavyolitamka neno la “kutengeneza”. Mpira umechangia sana kuutia mpaka huo nguvu, na pia ule uamuzi wa serikali wa 1974 wa kuzifunga Newcastle na Sunderland ndani ya jimbo moja la Tyne and Wear. Wa Middlesbrough wana jina lao. Wa South Shields, pale mto unapoingia baharini, huitwa wacheza ngoma wa mchangani, kwa ajili ya fukwe zao, na wapo wanaosema ni kwa ajili ya mabaharia wa Yemen waliohamia huko tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mabaharia hao walipakia makaa kwenye tanuri za meli, wakaoa huko, wakajenga jamii ya Kiislamu ambayo Muhammad Ali aliitembelea 1977 na ndoa yake ikaombewa dua katika msikiti wao. Wajukuu wa watu wa Aden wanaongea lahaja ya Tyne, na hakuna anayeona ajabu.

Sisi tunaufahamu mtindo huu kutoka pande zote mbili. Bara, mtu yeyote wa pwani ni Mswahili, na katika Tanzania neno hilo linaweza kubeba maana ya mjanja, mtu wa maneno mengi, mkaazi wa uswahilini. Ukifika pwani yenyewe, huyo Mswahili hapatikani kwa urahisi: kuna Mmvita, kuna Mwamu, Mpate, Mtikuu, kuna Mtumbatu, na kila mmoja atakueleza kwa nini si yule mwingine. Jina lenyewe lilitokana na neno la Kiarabu la pwani, tukapewa na waliokuja kwa jahazi, nasi tukalifanya letu. Ukivuka hadi Oman, jina linapanuka tena. Waomani waliorejea kutoka Afrika Mashariki baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa tangu 1970, wote huitwa Wazanzibari, hata aliyezaliwa Mombasa, hata aliyezaliwa Bujumbura. Alama iliyowaweka kwenye fungu hilo ni Kiswahili chao. Wenyeji wa Tyne wangelielewa jambo hili mara moja, kwa sababu Geordie aliyehamia kusini naye hujulikana kwa ulimi kabla hajataja anatoka wapi.

Tofauti ipo, nayo si ndogo. Lakabu zetu nyingi ni majina ya miji: Mvita, Amu, Pate, Unguja. Geordie ni jina la mtu, tena la mtu wa kazi fulani. Katika Uingereza lakabu za aina hiyo ni nyingi. Mtu wa Liverpool ni Scouser kwa ajili ya mchuzi wa mabaharia, lobscouse, uliopikwa kwa nyama na viazi katika bandari nyingi za Ulaya kaskazini, hadi Hamburg. Mtu wa mashariki mwa London ni Cockney, neno ambalo hapo awali lilikuwa yai la jogoo, yaani kitu kisicho na maana, nalo likatumika kwa watu wa mjini walioonekana legelege. Watu wa tabaka la juu hawakuwa na lakabu za namna hii. Zilitoka kwa wengine kuwaelekea watu wa mikono, na wenye mikono wakazichukua, wakazivaa kifuani. Mji ukikupa jina, umepewa nasaba. Kazi ngumu ikikupa jina, unalazimika kulipigania mwenyewe mpaka liwe sifa.

Na lahaja yenyewe haina upungufu wowote wa nasaba. Mtu wa Tyne anaposema “hoose” kwa nyumba na “toon” kwa mji, anatumia irabu ambazo Kiingereza chote kilikuwa nazo kabla ya karne ya 15, kabla matamshi ya kusini hayajahama. “Gan”, yaani kwenda, ni neno la Kiingereza cha kale kabisa. “Bairn”, yaani mtoto, vilevile. Mtawa Bede, mwanahistoria wa kwanza mkubwa wa Waingereza, aliishi na kufa Jarrow, kando ya mto huu huu, mwaka 735. Upande wa vijijini wa Northumberland palikuwa na R iliyotamkwa kooni, karibu na ghaini yetu, na Daniel Defoe aliposafiri huko katika miaka ya 1720 aliiandika kama jambo la kustaajabisha wageni huku wenyeji wakijivunia. R hiyo imebaki kwa wazee wachache sana.

Kitu kimoja cha lahaja hiyo hunigusa kila nikikisikia. Geordie hasemi “mke wangu” wala “ndugu yangu”. Husema “wor lass”, “wor kid”: mke wetu, mdogo wetu. Wageni hucheka, wakiuliza mke huyo ni wa wangapi. Mswahili hana haja ya kuuliza. Mtu aliyezaliwa peke yake kwa mama yake husema “nakwenda kwetu”, “mama yetu anaumwa”, na angesema “kwangu” tungejua anataja nyumba aliyopanga. Hapo Kiingereza hiki kiko karibu sana na hisia yetu, kwamba ndugu na nyumba ni mali ya wengi. Nadhani migodi iliilea: pale watu walishuka shimoni pamoja, na mwenzako wa kazi, “marra”, ndiye aliyeshika uhai wako.

Sasa nije kwenye jukwaa. Tarehe 5 Juni 1862, katika ukumbi wa nyimbo wa Balmbra mjini Newcastle, palifanyika onyesho la kumchangia Harry Clasper, mpiga makasia aliyekuwa shujaa wa mto. Aliyepanda jukwaani ni George Ridley wa Gateshead. Huyu aliingizwa mgodini akiwa na umri wa miaka minane, akaumia kazini baadaye, na mwili ulipokataa kazi nzito akageukia kuimba. Usiku ule aliimba “Blaydon Races”, wimbo wa safari ya gari la farasi kwenda kwenye mashindano ya mbio, ambamo kila kitu kinaharibika na watu wanafurahi hata hivyo. Alifariki miaka miwili baadaye, kabla hajafika thelathini. Wimbo wake huimbwa na maelfu katika uwanja wa St James' Park. Kabla na baada yake walikuwapo Ned Corvan na Joe Wilson, na nyumba za uchapaji za Newcastle zilitoa vitabu vinene vya nyimbo za Tyneside. Hii ni hazina halisi, iliyoandikwa kwa lahaja, kwa tahajia ya lahaja, na kununuliwa na watu waliokuwa wakiisema.

Lakini isome yote mfululizo, utaona mipaka yake. Kuna mke mkali, kuna ulevi, kuna mshamba aliyepotea mjini, kuna farasi aliyeanguka. Huzuni inaruhusiwa kidogo, ikiwa imefungwa ndani ya kicheko. Mtu wa Tyne aliyetaka kuandika juu ya Mungu, juu ya kifo, juu ya dola, alibadilisha Kiingereza chake kwanza. Kusini kulikuwa kumeshaamua hivyo tangu Caxton alipoweka mashine yake ya kuchapia Westminster mwaka 1476, na uamuzi huo haukuhitaji mkutano wowote.

Wetu ulikuwa na mkutano. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni na wamisionari walikaa Mombasa, katika mji wa mshairi Muyaka, wakachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930. Mmisionari Krapf alikuwa amekitetea Kimvita, mmisionari mwenzake W. E. Taylor akakitetea zaidi. Walishindwa. Hoja za Kiunguja zilikuwa na nguvu, kwa sababu misafara ilikuwa imeshakieneza hadi Kongo. Hata hivyo, katika jambo la fasihi palikuwa na kichekesho kichungu: Kimvita na Kiamu ndizo zilizokuwa na maktaba. Muyaka bin Haji alikuwa amekwisha kujibizana na watawala wa Unguja kwa mashairi ya vita na ya siasa kabla ya 1840. Mwana Kupona alimwachia binti yake utendi wa wasia mnamo 1858, kwa Kiamu. Kaskazini huko msomi angeweza kusema “ulele” akimaanisha amelala, “usimeme” akimaanisha amesimama, kwa muundo wa kale ambao sanifu iliutupa, na hakuna aliyefikiri anachekesha. Alikuwa anasema kwa sauti ya juu kabisa aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo sanifu ilipoichukua shule, lahaja za kaskazini zilikuwa na mahali pa kusimama ambapo Geordie hakuwa napo. Ahmad Nassir alitoa “Malenga wa Mvita” 1971, kikiwa kimehaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, mtu aliyetumia maisha yake kudai kwamba historia ya Kiswahili isianzie kwenye Kamati. Ndugu yake Ahmad Nassir, Abdilatif Abdalla, alifungwa kwa ajili ya waraka wake wa 1968, “Kenya: Twendapi?”, akatunga gerezani, akiandika kwa siri juu ya karatasi za msalani. “Sauti ya Dhiki” ilitoka 1973 kwa Kimvita, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Majaji hawakuipa tuzo kwa kuihurumia lahaja. Hakuna kitu ndani yake kinachoomba huruma ya namna hiyo.

Upande wa Tyne, mtu wa kumweka karibu naye ni Basil Bunting. Alizaliwa Scotswood mwaka 1900, akafungwa akiwa kijana kwa kukataa kupigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaishi Italia na Iran, akajifunza Kiajemi mpaka akawafasiri washairi wake, kisha akarudi kwao kufanya kazi ya usiku ya uhariri mdogo kwenye gazeti la Newcastle, dunia ikiwa imemsahau. Vijana wawili, Tom na Connie Pickard, walikuwa wamefungua mahali pa kusomea mashairi kwenye mnara wa ukuta wa zamani wa mji, Morden Tower. Humo, Desemba 1965, Bunting alisoma “Briggflatts” kwa mara ya kwanza. Ni utungo mrefu, wa mapenzi ya ujana, majuto na mauti, na alishikilia kwamba masikio ya kusini yasingeweza kuusikia sawasawa, kwa kuwa muziki wake ni wa Northumbria.

Namheshimu sana, na bado naona alichokosa. “Briggflatts” imeandikwa kwa tahajia ya sanifu. Lahaja imo kinywani mwa msomaji, ikiwa msomaji ni wa huko. Kwenye karatasi huonekana kwa maneno machache tu. Abdilatif aliandika neno jinsi alivyolisema, kwa sababu nyuma yake palikuwa na karne za watu waliofanya hivyo wakiwa na jambo zito la kusema. Bunting alikuwa na Ridley nyuma yake, na farasi, na kicheko cha ukumbini. Kama angeandika “hoose” na “gan” katika utungo wa mauti, nusu ya wasomaji wake wangengoja mzaha.

Wapo waliojaribu baada yake. Katrina Porteous alikaa miaka mingi na wavuvi wa Beadnell, kwenye pwani ya Northumberland, akirekodi majina ya upepo, ya nyavu na ya miamba ambayo vijana wao hawakuyahitaji tena, kwa kuwa mashua zilikuwa zinakwisha. Mwaka 1999 alitoa “The Wund an' the Wetter”, utungo wa bahari kwa maneno ya wavuvi wenyewe, jina la kitabu likiwa limeandikwa jinsi wanavyolitamka. Hakuna mshamba aliyepotea mjini humo ndani. Kuna mtu anayeijua bahari, anayeieleza kwa lugha aliyoijulia.